Pikipiki ya Kwanza Kunywa Mafuta Mapya

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, Mama Pampu atavua koti lake la kijani kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na sita ya kuuza mafuta katika kituo chetu. Mimi nimekuja juzi tu, nilipomaliza shule, na nilipoambiwa niandike maneno haya nilitamani ardhi inimeze. Ikabidi niulize watu, na kadiri nilivyosimuliwa ndivyo nilivyozidi kushangaa.

Alianza kwa kufagia uwanja. Baadaye akapewa pampu namba mbili, na hata alipofanywa msimamizi wa zamu hakuiacha. Tangi la gari likikaribia kujaa, yeye hatazami, anasikiliza: mlio ukibadilika tu, mkono umeshaachia. Hajawahi kummwagia mtu mafuta viatuni, isipokuwa dereva mmoja wa teksi aliyempigia honi mfululizo, na hata hilo anasema lilikuwa bahati mbaya.

Lakini kila niliyemuuliza alianza na ule mwaka wa mafuta mapya. Serikali ilikuwa imeagiza petroli yote ichanganywe na spirti ya molasi, yale masalio meusi ya miwa kutoka kiwanda cha sukari, ili nchi ipunguze kununua mafuta nje. Wataalamu walileta mabango, kiwanda kikaleta fulana. Waendesha pikipiki walichukua fulana, mafuta wakayakimbia. Spirti ni pombe, walisema, na pikipiki ikilewa itakutupa mtaroni. Wakawa wanavuka mji mzima kutafuta petroli ya magendo ya madumu, isiyochanganywa. Meneja akatangaza kwamba hali ikiendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi, kituo kitafungwa na kila mtu atarudi kwao.

Hapo Mama Pampu alifanya jambo ambalo nikilifikiria mwili unanisisimka. Mumewe ni mwendesha pikipiki, na pikipiki ile ndiyo iliyolisha watoto wanne na mama mkwe. Hawakuwa na nyingine. Asubuhi moja, stendi nzima ikitazama, aliijaza mafuta mapya mpaka juu. Mumewe anasema alisimama pale kama mtu anayemkabidhi mtoto wake kwa daktari wa upasuaji.

Wiki ile waendesha pikipiki hawakuacha kumtania Mama Pampu. Shemeji, leo imeamka na kichwa kinauma? Shemeji, imekutukana usiku? Mmoja alinusa ekzosi akajifanya anayumba hadi ukutani. Mama Pampu alicheka nao. Ila kila jioni, wenzake wanasema, aliigusa injini kwa kiganja, kama mama anayepima homa.

Jumamosi, abiria akiwa mgongoni, ikazima katikati ya makutano.

Waliisukuma hadi kituoni kwa msafara kama wa msiba, huku wengine wameshika vichwa. Wahudumu walianza kuziaga pampu kwa macho. Mama Pampu alifuta mikono, akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akaitikisa pikipiki. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Tangi lilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma. Mume, kwa hamu ya kuwakomesha wabishi, alikuwa amewapakia bure mmoja mmoja na kuzunguka nao mji, asikumbuke kuongeza mafuta. Wabishi wenyewe ndio walioyamaliza.

Akaijaza. Ikawaka kwa kiki moja. Wa kwanza kusogeza pikipiki yake pampu namba mbili alikuwa yule aliyejifanya anayumba.

Leo hakuna anayeuliza kuna nini ndani ya petroli. Mama Pampu pekee ndiye asiyelala. Kila asubuhi hutumbukiza kijiti kirefu katika tangi la chini ya ardhi kuangalia kama maji ya mvua yameingia, maana mafuta haya na maji hayapatani. Wiki iliyopita alinikabidhi kijiti hicho. Nilikigonga ukingoni mara mbili kabla hakijaingia. Hakunicheka, aliniambia tu nikishike kwa mikono miwili, nitazoea.

Ijumaa jioni mumewe atakuja kumchukua kwa pikipiki ileile, na nimeomba niijaze mimi. Mama Pampu, asante kwa kituo ambacho tumekikuta wazi. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya na vicheko. Na huko njiani, tafadhali, mkumbushe mzee aangalie tangi.