Jina Nililompa Baba

Bwana asifiwe! Wale wa viti vya nyuma sijawasikia. Najua mnangoja kichekesho, na akina mama wa kwaya mmeshaanza kuficha kicheko kwenye leso. Leo mtanivumilia. Nimesimama hapa kutoa ushuhuda.

Ndugu zangu, mnamjua baba yangu, fundi wa viatu pale Huruma. Zamani alikuwa mlevi. Siku ya wazazi shuleni kwetu alikuja amelewa, akapiga kona langoni, kona ikamkataa, akaingia mtaroni mbele ya darasa langu lote. Mimi nikacheka kwanza, kabla wao hawajacheka. Nikawaambia huyo ni Mzee Kona. Jina likashika. Jioni ploti nzima tunayoishi ilikuwa nalo, na haikuchukua muda hata watoto wa chekechea wakawa wanamsalimia, "Sasa, Kona!"

Halafu Mungu akamwokoa baba. Aliacha pombe kabisa. Lakini mimi sikumwacha Kona. Popote vijana walipokaa nilimwigiza: goti nje, mkono unatafuta ukuta. Watu walivunjika mbavu. Baba akipita hapo alitabasamu kidogo, akaendelea na safari. Nikadhani amezoea.

Sasa sikieni. Jumapili moja baba alikuwa anawekwa kuwa mkaribishaji hapa kanisani. Mama alilipiga shati lake pasi, akalirudia. Mchungaji wetu alikuwa ndio amehamia kutoka Komarock, na jina la baba alikuwa amelisikia tu vile watu humwita. Akashika maikrofoni, kwa heshima zote, akasema, "Ndugu Kona, njoo mbele tukuombee."

Wasiookoka wangecheka. Waliookoka walicheka zaidi! Mchungaji wa watu hakuelewa kicheko kimetoka wapi. Baba akasimama. "Niko hapa, Mchungaji." Akaenda, akapiga magoti, akaombewa kwa jina hilo hadi amina. Ndugu zangu, mimi nilikufa ganzi. Sikujua kicheko cha watu kinaweza kuuma hivyo ukikisikia ukiwa umekaa, si wewe unayechekesha.

Ibada ilipoisha, baba hakuonekana. Mama alinitazama, na nikajua mawazo yake yako wapi: kule bondeni Mathare, kwa mama pima, mahali baba alipokuwa akinywea chang'aa. Nikakimbia. Nikiwa njiani niliomba maombi ambayo hata sikuwa najua naweza kuyaomba. Mama pima akaniambia hajamwona tangu aokoke. Kisha akanitazama vizuri, akauliza kama mimi ndiye Kona mdogo.

Kona mdogo! Mimi!

Nikarudi kanisani nimelowa jasho. Baba alikuwa humo peke yake, anapanga viti vya plastiki. Nikafunga macho, nikangoja kofi. Nililistahili, tena la pande zote mbili.

Akasema, "Siku ile shuleni nilikuaibisha, na sijawahi kukuomba msamaha. Nisamehe, mwanangu."

Nilitafuta mzaha kichwani, nikakosa hata mmoja. Nililia hadi kamasi. Hapo ndipo Mungu alinionyesha: Yeye alishamzika Kona, na mimi ndiye niliyekuwa namfukua kila siku namtembeza mtaani, kwa sababu ile aibu ya langoni sikuwahi kuiachilia. Nikamwambia, "Nimekusamehe, baba. Na mimi nisamehe." Akanipangusa uso kwa mkono wake wenye harufu ya gundi ya viatu, akaniambia nishike viti vya upande ule.

Namshukuru Mungu! Ule uchungu nilioufanya kichekesho ameutoa. Ndugu yangu, kama kuna mtu Mungu amemsamehe na wewe bado unamkumbusha, mwachilie leo. Usiogope utabaki na nini mkononi. Mwamini Yesu, atakushika huo mkono.

Na mkitoka, yule mzee anayewasalimia mlangoni anaitwa Zakaria. Mwiteni hivyo, mwone vile anaitika.