Asante ya Fermina

Benchi la stesheni ya Laguna Chica limejaa watu wasiosafiri, isipokuwa Fermina. Yeye kila Jumanne na Ijumaa hupanda treni kwenda mjini kusafishwa damu, maana figo zimegoma. Wengine huja kubishana na kunywa mate. Ndiyo, ndivyo kinywaji kinavyoitwa, na msicheke: majani machungu kwa maji ya moto, kibuyu kimoja, mrija mmoja, midomo yote. Mmiminaji ni Rulo. Unakunywa, unamrudishia kimya, anammiminia mwingine. Ukisema "asante" umejitoa, hupewi tena. Fermina humiminiwa nusu tu, kwa amri ya daktari. Jumanne hiyo redio ilitangaza kwamba treni ya siku hiyo ndiyo ya mwisho, kwa sababu inakula hasara. Rulo alishtuka hata akajimwagia maji ya moto kiatuni.

— Wameifuta? Treni yetu?

— Yenu tangu lini? akadakia Evaristo, kaka yake Fermina, ambaye kijiwe kizima humwita Soko. Kisicho na faida kife! Mtaona mabasi yatakavyogombania abiria hapa.

— Yamgombanie nani? Mimi na mbwa wa stesheni? akauliza Ladislao, mwalimu mstaafu, jina la utani Nusu-Nusu. Mwokaji auze mikate yake apendavyo, sikatai. Lakini reli na hospitali zishikwe na serikali.

— Serikali ipi? Hii iliyochapisha noti mpaka bei ya nyama ikawa inapanda ukiwa kwenye foleni?

— Na dawa je? Si mliliachia soko lako? Mbona zimeishinda nyama kwa bei?

— Halikuachiwa vizuri! Mimi ningeuza mpaka mawingu. Ng'ombe wako akinyeshewa, lipa!

— Basi mimi naunda wizara ya upepo. Nusu wa umma, nusu wa wenye vinu vya upepo.

— Mama yangu! Rulo akashika kichwa. Nyie wazima kweli?

Fermina alikuwa amekumbatia begi, na Rulo akaona ni kubwa kuliko la siku zote.

Hapo akatokea jamaa na ngazi begani. Alijitambulisha kwa jina la Yorman, Mvenezuela, mgeni wa wiki moja, ametumwa kuing'oa saa ya stesheni.

— Leo leo? Rulo akamaka. Hata treni haijapita!

Hata hivyo akampa kibuyu. Yorman akanywa, akasema, "Asante sana!" Zamu yake iliporudi, Rulo akamruka. Yule bwana akabaki na mkono hewani.

— Umejifukuza mwenyewe, ndugu yangu, Ladislao akamcheka. Hapa asante ni kwaheri.

— Lo! Sikujua. Nina mengi ya kujifunza. Basi niambieni na hili: huyu mama, niliyeambiwa anatibiwa mjini, Ijumaa ataendaje hospitali?

Soko akafungua mdomo.

— Soko lita...

— Serikali inge... akaanza Ladislao.

Kwa mbali treni ikapiga honi. Rulo akammiminia Fermina nusu yake. Akanywa mpaka mrija ukakoroma, akakirudisha kibuyu.

— Asante, Rulo.

Miaka yote ile Rulo hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa Fermina.

— Hajamaanisha, mmiminie tena! Soko akaropoka. Fermina! Sema hukusema!

— Nimesema, kaka. Jirani na hospitali kuna mama kanipa kona ya kulala. Sirudi.

— Kona? Una nyumba hapa! Nyumba ya mama!

— Na mashine ya figo je, iko hapa?

Soko akaling'ang'ania begi lile mpaka mlangoni mwa behewa. Fermina akambandua vidole polepole, akapanda. Treni ikaondoka, Yorman akaegemeza ngazi ukutani.

Rulo akamimina nusu, kwa mazoea, akanyoosha mkono kwenye nafasi tupu. Hakuna aliyepokea.