Mkia wa Visahani

Tangu Pasaka mpaka katikati ya Mei, ndege mvumaji wa mkia wa visahani hakuonekana kwenye kichaka cha Olinda, juu ya ziwa la Pomacochas. Ni ndege wa ukubwa wa kidole gumba, mwenye manyoya mawili marefu mkiani, kila moja na kisahani cha buluu nchani, na hakai popote duniani ila milima hii yetu. Olinda na kaka yake Segundo walikuwa wamekubaliana mbele ya mkutano wa kijiji: ndege akicheza msimu huu ngoma yake ya kumvutia jike, kichaka kibaki, asipocheza, pale palimwe viazi. Asubuhi moja, subira ilipomwishia, Segundo alikuja kijiweni na panga la kufyekea. Olinda, mwuza kahawa wetu, alimmiminia bila kumtazama.

Mwenzetu Redio, ambaye hazimiki, ndiye aliyeanza.

– Kapigwa manati, moyo ukakaushwa uwe dawa ya nguvu za kiume. Tujiulize ni nani hapa anayehitaji nguvu za moyo wa ndege.

Wote tukamgeukia mzee Wilder, bwana harusi wa juzi.

– Mniache. Niliwahi kula mmoja ujanani. Nililala mpaka ng'ombe wakakaribia kujikamua.

– Dalili ya mvua ni mawingu, mzee, akasema Redio.

Kobe, fundi viatu, akasema ndege kahamia pwani kukwepa baridi. Alipochekwa, akabadili: kaona kivuli chake ziwani, kadhani mchumba, kazama.

– Na asilaumiwe mtu, akamalizia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

– Ndege ndiye mwenyeji, Kobe, akasema Olinda. Pale mgeni ni viazi.

Segundo aliweka kikombe chini.

– Dada, neno ni neno. Wanangu wanakula viazi, hawali ngoma.

Segundo alikuwa ameshainuka Celmira alipofika. Ndiye mke mpya wa Wilder, mzaliwa wa bonde la chini, na alimletea mumewe kofia aliyoisahau.

– Habari za asubuhi, wazee. Hivi yule mwenye utosi wa zambarau, asiye na mkia, anayewafukuza wenzake kwenye maua ya Mama Olinda, ni ndege gani?

Kumbe ndiye. Kila asubuhi tulikuwa tukimpita, macho yetu yakitafuta mkia.

Tulipanda wote hadi kichakani. Ndege alikuwa kwenye kitawi chake kilekile cha kuchezea. Mkia wa zamani ulikuwa umepukutika. Mpya ulikuwa unachipua, mashina mawili mafupi kama miiba. Olinda alikaa kwenye nyasi, akacheka mpaka machozi. Redio alisema yeye alijua tangu mwanzo. Wilder akavaa kofia yake na kumwomba arudie hayo mbele ya Celmira.

Segundo akarudisha panga alani.

Siku ya Mtakatifu Yohana, mwishoni mwa Juni, ndege alicheza, visahani juu, mbele ya kijiji. Viazi vya Segundo vimeota ng'ambo ya kijito.