Bembea Moja, Majaji Wanne

Benchi letu liko ndani ya uwanja wa watoto, ukutani, mkabala na bembea. Tuliliweka pale ili tuwaangalie watoto huku tukinywa kahawa. Angalau hivyo ndivyo tunavyowaambia wake zetu. Bembea zilikuwa mbili, moja ikakatika mnyororo, fundi akaahidi kuja na mpaka leo anakuja. Jumamosi ile nilikuwa na mjukuu wangu wa kike. Kwao wanaishi ghorofani, hata pa kuruka kamba hakuna, na tangu aje kwangu wimbo ulikuwa mmoja: babu, nipeleke kwenye bembea. Jioni mama yake alikuwa anakuja kumchukua. Nikafunika cherehani mapema, wateja wakanuna, nikampeleka.

Akajipanga kwenye foleni kwa adabu zake zote. Aliyekuwa juu ni mtoto wa Kipimo, seremala wetu, akagoma kushuka. Wenzake wakapiga kelele. Hapo ndipo Jaji alipoinuka. Jaji ni kinyozi. Cheo hicho alijipa mwenyewe baada ya kuamua ugomvi wa kuku. Akamshusha mtoto, akanikabidhi mnyororo niushike asipande mtu.

— Isimame kwanza, tuelewane. Penye wengi hapaharibiki neno.

Nikajua tumekwisha.

Jaji alitaka zamu ziende kwa umri, mkubwa atangulie, eti yeye ndiye aliyesubiri tangu zamani. Kipimo akapinga. Kwake yeye zamu ni uzito, maana mtoto mnene anauchosha mnyororo, kwa hiyo apewe muda mfupi. Mizani hana, basi akatoa futi akaanza kuwapima watoto viuno. Muuza kahawa naye, ambaye hata mtoto hana, akaona haki ni kikombe: mzazi akimaliza kimoja, mwanawe anapanda. Nikawaambia mjukuu wangu ni mgeni, na mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kaja lini? Jaji akauliza.

— Juzi.

— Basi leo ni siku ya tatu. Ya tatu mpe jembe. Huyu awasukume wenzake.

Jamani! Mtoto wa watu, na gauni la marinda nililomshonea mwenyewe, akasukume watoto wa Kipimo? Ningeuachia tu mnyororo yangeisha. Lakini mimi nikishakasirika sijui kunyamaza. Nikajibu, nikajibiwa, nikajibu tena, mnyororo mkononi. Mtoto akaja kunivuta shati, nikamwambia subira huvuta heri. Akaja tena, nikamwambia wakubwa wanaongea. Watoto wengine walishachoka, wakachuchumaa kuchora mavumbini. Kipimo akafika mahali pa kupendekeza bembea ifunguliwe yote, ikakae karakanani kwake mpaka tupate mwafaka. Na Jaji, Mungu amsamehe, akasema hilo ni la kufikiria.

Ndipo binti yangu alipoingia, begi la mtoto begani, anahema. Akatuamkia wote, tukaitikia.

— Baba, amebembea?

Jaji akachungulia kikombe chake. Kipimo akawa anakunja futi. Muuza kahawa, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, akainama kupuliza makaa.

— Bado, mama, mjukuu wangu akasema. Babu bado anaongea.

Hakulia. Afadhali angelia. Nikamwomba binti yangu angoje kidogo tu, nimsukume hata mara mbili. Akanitazama, akautazama mkono wangu ulioshika mnyororo, akasema gari linaondoka, baba, tutakuja likizo ijayo. Mtoto akanipungia mkono mpaka wakapinda kona.

Nikageuka. Jaji alikuwa ameshasimama, anasema kwa kuwa foleni imepungua mtu mmoja, hesabu zote zianze upya.