Bati la Nne, Njia ya Nyaishozi

Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu wa rika habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti ameniita nisome taarifa ya msimu wa mbio, na karatasi ninayo hapa mkononi. Nimemwomba ruhusa niiweke mezani kwanza. Kuna swali limeninyima usingizi tangu mwezi wa tisa: siku ile breki zilishindwa, au nilishindwa mimi? Nimelilalia upande huu, nimelilalia upande ule. Mama aliponiona siku moja asubuhi aliuliza kama nina malaria. Nikamwambia labda. Mimi ni mtu wa labda, mnanijua.

Sitataja jina la mtu. Mtakaowatambua, watambueni kimyakimya.

Wageni waliopo wasamehe nikieleza ambayo wanachama wanayajua. Klabu yetu ni ya watu wenye pikapu na Land Rover za kazi. Siku sita zinabeba kahawa na ndizi, na mara tatu kwa mwaka tunaziosha, tunaandika namba kwa chokaa, mgambo wanafunga njia panda, na magari yanaondoka moja moja, kila moja likipimwa muda wake. Mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Kila gari lina dereva na msoma njia. Msoma njia kazi yake ni kukaa na daftari na kumwambia dereva mbele kuna nini, kabla dereva hajakiona.

Mimi nilirudi nyumbani na shahada yangu mwaka jana, nikaambiwa serikalini hawaajiri, nikawa nasaidia kwenye kibanja cha baba, napalilia migomba. Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, akasema, "Msomi, wewe unaogopa kila kitu. Njoo unisomee njia. Mtu mwoga ndiye anayeona hatari mapema." Watu walicheka. Mimi nililiona neno hilo kama kazi ya kwanza niliyopewa tangu nitoke chuoni.

Basi mwezi wa tano nilichukua baiskeli nikapita njia zote tatu za msimu, ya Bugomora, ya Songambele na ya Nyaishozi. Pikapu ya shemeji mita yake ya kilometa ilikufa zamani, kwa hiyo sikuweza kuandika umbali. Nilihitaji alama. Na ninyi mnajua huku kwetu migomba inafunika kila kitu. Ukiwa barabarani hujui kama umepita nyumba moja au kumi. Kinachoonekana juu ya migomba ni bati tu, linapong'aa. Nyumba za nyasi huzioni. Nikasema basi, nitahesabu mabati. Njia ya Nyaishozi niliandika hivi: ukivuka daraja, bati la kwanza, bati la pili, bati la tatu, hapo hapo kona kali kushoto. Baada ya kona, njia ndefu imenyooka, kanyaga.

Ndugu zangu, nawaambia, niliwaza kila kitu. Niliandika pembeni: ng'ombe wakivuka? Mvua ikinyesha? Mti ukianguka? Harusi ikipita? Daftari lilikuwa na maswali mengi kuliko kona. Na kwenye mbio za Bugomora lilitufaa, tukawa wa pili. Songambele tukashinda. Mkanibeba juu kwa mikono yenu, na mimi huko juu nikawa nawaza mkiniangusha itakuwaje.

Mbio za Nyaishozi zikaja mwezi wa tisa. Jioni ya kuamkia mbio, fundi wetu, yule mzee ambaye kibanda chake kiko nyuma ya mashine ya kusaga, alitoa upepo kwenye breki za pikapu ya shemeji ili zishike vizuri. Watu wengi walimwona akiwa chini ya gari. Likumbukeni hilo.

Tulivuka daraja vizuri. Bati la kwanza likapita. La pili likapita. Bati la tatu likang'aa, jipya, linaumiza macho, nami nikasema kona kali kushoto. Shemeji akakanyaga breki. Nilirushwa mbele mpaka paji la uso likagonga dashibodi. Hapakuwa na kona. Njia ilikuwa imenyooka mbele yetu kama kamba.

Shemeji akauliza, "Iko wapi?"

Nilitazama daftari, nikatazama njia, nikawaza labda kona ile wameinyoosha, labda tumeshaipita, labda niliiona kali kwa sababu nilikuwa kwa baiskeli. Mstari uliofuata ulisema njia imenyooka, kanyaga. Na macho yangu yaliona imenyooka. Nikausoma.

Akakanyaga.

Kisha likatokea bati jingine, na nyuma ya bati hilo ikawapo kona. Shemeji alikanyaga breki tena. Nakumbuka vumbi, nakumbuka majani ya migomba yakipiga kioo, halafu nakumbuka kimya, na mahali fulani kuku analia. Gari lilikuwa limelala ubavu ndani ya kibanja cha watu. Mimi nilitoka na mkwaruzo kwenye kiwiko. Shemeji mguu wake ulikuwa umekaa mahali ambapo mguu haukai. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ananiuliza jina la dada yangu, kama mtu aliyelisahau.

Watu wakajaa. Mtu mmoja aliona mafuta ya breki yamemwagika chini, maana ekseli ya mbele ilikuwa imeng'oka na bomba zake. Akaniuliza, "Ni breki?"

Nikasema, "Labda."

Ni neno hilo moja tu nililosema. Kufika jioni lilikuwa limefika Bugomora, na njiani neno labda lilikuwa limedondoka, limebaki breki. Waliomwona fundi chini ya gari wakawa mashahidi. Wengine walifika mbali zaidi, wakataja alikozaliwa, ng'ambo ya mpaka, kama vile nati inajua mpaka. Shemeji alipozinduka vizuri hospitalini hakukumbuka chochote baada ya daraja, akaambiwa ni breki, akaamini. Na mimi katibu wenu nikaandika kwenye kumbukumbu, kwa mkono wangu huu: inasadikika breki zilishindwa. Ile kona niliyoitaja mahali ambapo haipo, sikumwambia mtu.

Nilijitetea kwa hesabu. Mara ya kwanza breki zilishika, hilo nililijua kwenye paji langu. Lakini mara ya pili je? Haiwezekani zilikata kati ya mara ya kwanza na ya pili? Inawezekana. Kitu kinachowezekana kinaweza kumlisha mwoga miezi mitatu.

Nikawa naona magari yakipita kibanda cha fundi bila kusimama. Yanakwenda mjini, mwendo wa saa nzima, kukaza kitu ambacho yeye angekikaza wakati unakunywa chai. Nikabadilisha njia ya kwenda kanisani ili nisipite pale.

Wiki tatu zilizopita nikashindwa kuvumilia. Nilichukua daftari nikaenda Nyaishozi kwa miguu, kuanzia darajani. Nilikuwa nataka kujua kama niliruka mstari. Nikahesabu. Bati moja. Mawili. Matatu, na njia imenyooka. Manne, na kona iko pale, na migomba iliyovunjika imeshachipua.

Nilisimama katikati ya barabara. Nikarudi darajani nikahesabu upya. Manne. Nikaenda kwenye lile bati la tatu, nikamkuta mwenye nyumba na mkewe wanapukuchua maharage. Wakanikaribisha kiti. Nilimwuliza nyumba ile ameiezeka lini.

"Mwezi wa tisa," akasema kwa furaha. "Malipo ya kahawa yalipotoka tu. Nyasi tulikuwa tumezichoka. Siku ya mbio zenu tulikuwa hatujamaliza hata wiki. Vijana walipanda juu ya paa kuwatazama; wanasema pale konani magurudumu yenu yaliganda, gari likaserereka tu."

Mkewe akasema, "Mbona kijana ametokwa jasho? Mleteeni maji."

Wanachama, mnisikie. Niliwaza ng'ombe, niliwaza mvua, niliwaza harusi. Sikuwaza kwamba kati ya mwezi wa tano na wa tisa, katika nchi ya kahawa, mtu anaweza kuezeka nyumba yake. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa kahawa. Ada yangu ilitoka kwenye malipo hayo hayo yanayogeuza nyasi kuwa bati kila mwaka, na kila mwaka nimeona. Maji niliyopewa yalinipalia.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, hana gari la kutengeneza, anasugua spana ambazo zilikuwa safi tayari. Nilimwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kona ya uongo, bati la tatu, labda, na ile kumbukumbu niliyoiandika. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimeshajiandalia hata majibu.

Aliweka spana chini. Kisha akasema, "Mwanangu, unajua mimi nilishaamini kuwa ni mimi?"

Sikuelewa. Akaendelea taratibu. "Nikifunga gurudumu la mtu sasa nalifungua tena. Nalifunga, nalifungua. Najiuliza ile nati ya siku ile niliikaza au nilidhani nimeikaza. Mke wangu ananiambia uliikaza, namwuliza wewe ulikuwepo? Miaka thelathini mikono hii haijawahi kusahau nati. Umenifanya niitilie shaka mikono yangu."

Ndugu zangu, nilidhani nimemharibia mzee kazi. Sikujua nimempa ugonjwa wangu.

Nilimwambia nitasimama kwenye mkutano wa klabu niseme, na nitafuta mstari ule wa kumbukumbu. Akatikisa kichwa. "Kwenye klabu yenu mko watu wangapi? Kumi na wawili, na nusu yenu hata magari hamna. Walioacha kuniletea magari wako gulioni. Neno lilipita huko. Lirudi kwa njia hiyo hiyo."

Nilisema sawa, kisha nikaomba nikae kwenye tairi la pili.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa shemeji. Anatembea kwa fimbo sasa, mnamwona pale mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuogopa hasira yake kama nilivyoogopa alichosema. Alisema, "Yule mzee alikuja kuniona hospitalini. Alinibebea mkungu wa ndizi kwa baiskeli yake. Nilimwambia dada yako ndizi zile awape mbuzi wa jirani, na mzee bado amesimama pale kando ya kitanda." Akafunika uso. Mimi nilikuwa sijui habari hiyo. Dada naye alikuwa jikoni, tukasikia ameacha kupekecha mboga.

Kabla sijamalizia, nishukuru, maana nikichelewa nitasahau. Namshukuru mwenye bati la tatu na mkewe, walionipa maji bila kujua walichonionyesha. Namshukuru shemeji, ambaye aliniambia atafuatana nami gulioni ingawa mguu unamwuma kwenye mteremko. Namshukuru dada, ambaye hakuniambia neno hata moja baya, na ningependelea angeniambia. Na namshukuru fundi, amekaa safu ya nyuma, ambaye alikataa nimsafishe jina ndani ya chumba hiki tu.

La kuwaachia wenzangu wasoma njia ni hili: daftari la mwezi wa tano si la mwezi wa tisa. Pitia njia upya wiki ya mbio, hata kama ulishinda kwa daftari hilo mara mbili. Na ukiulizwa jambo ambalo jina la mtu limening'inia hapo, usiseme labda. Sema hujui, au sema unachokijua, kwa sababu neno labda watu hawalisikii. Mimi nilidhani wasiwasi ni uangalifu. Kumbe mtu anaweza kuwa na wasiwasi wa kila kitu na asimwangalie mwenzake hata mmoja.

Basi gulio la Alhamisi iliyopita tulikwenda. Shemeji alitangulia na fimbo yake, mimi nyuma. Tulisimama mahali pikapu zinapoegesha kupakia ndizi, na shemeji akawaita madereva anaowafahamu. Walikuja wakidhani anauza vipuri. Nilianza kuongea chini chini, mmoja akasema, "Paza sauti, msomi, hapa si maktaba." Nikapaza. Nikaeleza mabati, nikaeleza kona, nikasema nilisoma kanyaga mahali pa kona na nikamwacha mzee abebe lawama. Wengine walicheka, wengine walinitazama kama mtu aliyekutwa kwenye ghala la watu. Nilistahili yote mawili.

Mwenye pikapu mmoja wa Songambele, mtu mzima, alisubiri mpaka kicheko kikaisha. Akaniuliza, "Kwa hiyo unasema breki za fundi zilishika?"

Moyo ulianza kutafuta labda, kwa mazoea. Nikamtazama usoni, nikasema kwa sauti ambayo hata wauza ndizi wa upande wa pili waligeuka:

"Zilishika. Mara zote mbili zilishika."