Neno Alilojibu Evelina

Benchi la Igogo lilikuwa ubao wa mtumbwi mkuukuu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa lile lililokuwa duka la ushirika. Duka lenyewe lilikwisha kugawanywa: upande mmoja mitumba, upande wa pili chumba cha kuonyeshea video, na stoo ya nyuma wakapangishwa wanunuzi wa mabondo ya sangara, yale makoba ya hewa ya tumboni mwa samaki, kwa hiyo upepo ukigeuka kila mtu alijua kwa harufu. Chenge muuza kahawa ndiye aliyekuwa mwenye kijiwe, kwa sababu bila birika lake benchi lingekuwa ubao tu. Wateja wake wa kudumu walikuwa na majina ya pale pale. Josephat wa mitumba aliitwa Soko Huria. Obiero, mvuvi wa dagaa, aliitwa Karabai kwa ajili ya taa anazovulia. Yeremia aliitwa Frateri, maana alisoma seminari mpaka akabakiza kidogo tu awe padri. Na Luhende aliitwa Spindo, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye spindo za mashine za kusokota nyuzi, kiwandani, mpaka kiwanda kilipofungwa. Jumamosi hiyo Luhende alifika amevaa koti, akakaa ukingoni mwa ubao, na hakuagiza kahawa.

— Spindo, leo ndiyo wageni wako? — Chenge aliuliza, akimmiminia bila kuagizwa.

— Ndiyo leo. Saa hizi wako majini, wanavuka kutoka Sengerema. Washenga na baba mdogo wa kijana.

— Sasa mtu anayeletewa ng'ombe anakaa namna hiyo? Umekunja uso kama umefiwa.

Luhende alikishika kikombe bila kunywa. Hakuwa mtu wa kutoa mambo ya nyumbani barazani, lakini tangu juzi neno moja lilikuwa linamzunguka kichwani kama inzi ndani ya chupa.

— Evelina, binti yangu mwalimu, nilimwambia habari za wageni juzi. Akanijibu kwa Kiingereza. Anasema ata-konsida.

— Ata-nini?

— Konsida. Frateri unalijua.

— Consider — Frateri alilitamka polepole, kama anayelitoa kwenye sanduku. — Nalijua.

— Basi niambieni, na mniambie kabla kivuko hakijafika. Hiyo ni ndiyo au ni hapana? Nitakaaje na wazee wa watu mkekani, tunataja ng'ombe, halafu sijui binti yangu amesema nini?

Soko Huria alicheka, akapiga goti lake.

— Mzee wangu, hiyo ni hapana. Hapana ya watu wenye adabu. Mimi neno hilo nalisikia kibandani. Yule mzungu wa mradi wa visima alikuja, akashika shati, akalipima kifuani, akalinusa. Nikamwambia bei. Akasema ata-konsida. Umeshamwona tena Igogo?

— Alirudi kwao.

— Alirudi kwao bila shati! Mtu akikwambia ata-konsida, kunja mali yako. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Ainame nani hapo? — Chenge aliuliza.

— Mzungu.

— Ngojeni — alisema Frateri. — Msiliuze neno kabla ya kulifahamu. Hilo asili yake ni Kilatini. Mwalimu wetu seminari alitufundisha: kon ni pamoja, sidera ni nyota. Inasemekana watu wa kale, kabla ya kufanya jambo zito, walitoka nje wakazitazama nyota kwa makini. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana wote, lakini ndivyo wengi wanavyosimulia. Kwa hiyo si ndiyo wala si hapana. Ni mtu aliyeinua macho, hajayashusha.

Hilo lilimtuliza Luhende kidogo. Akilini alimwona Evelina uani, shingo imeinuka. Lakini kabla hajapiga funda la kwanza, Karabai, aliyekuwa ameegemea ukuta kama amelala, alifungua jicho moja.

— Nyota? Kama ni nyota, mbona mnauliza watu wa nchi kavu? Hao Warumi walikuwa wanavua?

— Baadhi yao.

— Basi tumekwisha kuelewana. Spindo, kaka yangu, angalia. Wiki hii mwezi umejaa, sisi hatuingii ziwani. Dagaa hawaji kwenye taa, na nyota zenyewe zimefifia. Binti akikwambia atazitazama nyota, anasema ngojeni giza. Mwezi ukifa, atajibu. Wapikie wageni sato, walale, warudi kwao, waje wiki ya giza.

— Kwa hiyo Evelina anafuata kalenda ya dagaa? — Soko Huria aliuliza.

— Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

— Nani kavua nguo, Karabai?

— Ni methali, Frateri. Usiikague.

Chenge aliweka birika jikoni, akapepea makaa. Yeye alikulia Magu, nyuma ya ng'ombe wa babu yake, na hakukuwa na jambo duniani ambalo hakulipitisha zizini kwanza.

— Mnanishangaza. Ulaya kuna mawingu mwaka mzima, nyota wanaziona wapi? Lakini ng'ombe wanao. Ng'ombe akishashiba analala, anarudisha majani mdomoni, anayatafuna upya, macho yake kule mbali. Anafanya nini pale? Ana-konsida! Na ng'ombe anayecheua ni mzima. Mgonjwa hacheui. Spindo, ngosha wangu, kanywe pombe na wakweo. Ni ndiyo.

— Kiingereza kina neno la kucheua linalotumika kwa mtu anayewaza — Frateri alikiri — lakini si hilo.

— Basi waliyachanganya. Ng'ombe wa maskini hazai.

— Sasa hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia. Nipe muda.

— Nyie mnazunguka — alisema Soko Huria, na sasa alikuwa amesimama. — Jiulizeni: enzi za foleni ya sukari, hapa hapa kwenye ushirika, nani alilisikia neno hili? Hakuna. Neno limekuja na masharti, pamoja na mikopo. Lilishushwa bandarini, halina ushuru, likasambaa. Kwanza walipewa mawaziri, kisha mameneja, leo limefika kwa walimu wa shule ya msingi. Mwakani utamwomba mkeo chakula, atakwambia ana-konsida!

Walicheka wote, hata Frateri. Luhende peke yake hakucheka.

— Mimi nililisikia kabla yako — alisema.

Sauti yake haikupanda, lakini kicheko kilikatika.

— Kiwandani. Tuliposikia idara yetu inataka kufungwa, tulikwenda wote uwanjani kumwomba meneja aturudishie hata zamu moja. Yule meneja, mtu wa kutoka nje, akapanda juu ya robota la pamba, akasema kwa Kiingereza. Mkalimani akatuambia: ombi lenu wata-konsida, yaani watalifikiria. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Na tuliporudi kusikiliza jibu, geti lilikuwa na mnyororo.

Akageuza kikombe mkononi.

— Sisemi walitudanganya. Pengine walikaa kweli wakafikiri, sikuwemo. Lakini juzi nilipolisikia kwa mwanangu, mimi sikuona nyota wala ng'ombe. Niliona ule mnyororo. Nikaondoka, sikumwuliza zaidi.

Chenge alimwongezea kahawa ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye vidole, na Luhende hakuonyesha kama imemchoma.

Wakati huo alifika jamaa mmoja ambaye hawakumfahamu, tairi jipya la baiskeli limening'inia begani. Alikuwa anangoja gari la Kisesa, alisema, na amesikia harufu ya tangawizi.

— Karibu — alisema Karabai, akisogea. — Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Yule jamaa aliitazama miguu yake, akakaa. Alipewa kikombe, na Soko Huria hakumwacha apulize mvuke. Alimmwagia yote kwa mkupuo: mwalimu Evelina, shati la mzungu, nyota za Warumi, mwezi mpevu, ng'ombe, robota la pamba, na wageni waliomo kivukoni.

— Sasa wewe hujafungamana na upande. Toa hukumu. Ni ndiyo au ni hapana?

— Mimi Kiingereza sijui — alisema yule jamaa. — Na nimekuta mazungumzo katikati, mnisamehe. Hilo ni jibu. Aliulizwa nini?

— Aliulizwa kama... — Soko Huria alianza, akamgeukia Luhende. — Ulimwuliza nini, mzee?

Luhende alifungua mdomo. Aliirudia juzi yote. Evelina alikuwa uani na pasi ya mkaa, ananyoosha sare ya kwaya. Yeye alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akasema: Jumamosi wanakuja wageni kutoka Sengerema, wale wa yule kijana wa dawa za mifugo. Mwambie mama yako anunue mchele. Evelina akaiinua pasi kwenye nguo, kisha akalisema lile neno.

— Sikumwuliza kitu — alisema. — Nilimwarifu.

— Lakini shangazi yake si alimwuliza? — alisema Chenge. — Kwetu baba haulizi. Shangazi ndiye anaingia ndani na binti, mnasikia matokeo.

— Dada yangu anaumwa miguu, hakuweza kuja. Nikaona siku zinakwenda, washenga wamekwisha kupanga, nikasema hilo litajimaliza.

— Na mama yake?

— Mama yake alidhani dada yangu ameuliza.

Frateri alikuwa na kidole kimeinuliwa, tayari kwa Kilatini kingine. Alikishusha. Yule jamaa wa tairi aliwatazama mmoja mmoja.

— Kwani nimesema vibaya?

Kutoka upande wa mjini ilisikika honi ya kivuko, ndefu, ya kukaribia gati. Luhende alisimama.

— Karabai, Frateri, nendeni mkawapokee. Mnawajua. Wapitisheni sokoni, wanywe hata soda, msiwalete upesi.

— Na wewe?

— Nakwenda nyumbani.

Hakuondoka. Alisimama mbele ya benchi, koti limembana mabegani, akaonekana kama mtu aliyesahau fimbo.

— Nyie wote mna mabinti — alisema. — Ukitaka kumwuliza binti yako jambo kama hili, wewe baba, kwa mdomo wako mwenyewe, unaanzaje?

Chenge aliozesha mabinti zake wote, na harusi zao zilisifiwa mpaka Magu. Aliinama kupepea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri. Soko Huria alitazama kibanda chake kama kuna mteja. Frateri alisema, Kweli, akakung'uta kikombe chake. Karabai alikuwa amefumba macho, lakini safari hii alionekana wazi kuwa halali.

Luhende alingoja kidogo, akashukuru kwa kahawa, akashika njia ya kupanda mlimani kati ya mawe. Akajaribu kwa sauti ndogo: Evelina, mama. Hiyo ilikuwa sauti ya kumtuma maji. Evelina, kuhusu hawa wageni. Hiyo ilikuwa ile ile ya juzi, mlangoni, mkono kwenye fremu. Chini yake honi ililia mara ya pili. Alipunguza mwendo, akaanza upya.