Aliyeshika Upande wa Pili wa Komeo

Jioni njema, wasikilizaji wapendwa, mlioko Buyenzi, Kinama na Musaga, na nyinyi mnaofunga maduka kule Asiatique huku redio ikiwa juu ya kaunta. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyependa ubishi kuliko chai ya tangawizi, na chai ya tangawizi aliipenda sana.

Jina lake ni Asiya binti Aboubacar. Alikuwa mwanahistoria. Alifundisha historia hapa Bujumbura, kwanza lisee, yaani sekondari, kisha chuo kikuu, mpaka nywele zikawa nyeupe chini ya mtandio. Tulimzika mwezi uliopita. Kwa wale waliochelewa kufungua redio narudia: Asiya, mwanahistoria, binti wa Mzee Aboubacar. Hilo jina la baba lishikeni, maana kisa chote kinapita hapo.

Mzee Aboubacar alikuwa fundi wa malori, zamani za mkoloni, mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura. Mafundi wa karakana moja pale Asiatique waligoma. Walijifungia ndani ya ua, wakakataa kutoka mpaka waongezwe mshahara. Kiongozi wao alikuwa Aboubacar. Nje, askari walizunguka ua. Basi alfajiri moja lango likafunguliwa, askari wakaingia, mgomo ukavunjika. Aboubacar akafungwa jela. Alipotoka, watu walimbeba mabegani hadi nyumbani kwake Buyenzi.

Na nani alifungua lango? Kila mtoto wa Buyenzi wa wakati ule angekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Akilimali. Akilimali mlinzi, aliyegoma pamoja na wenzake kisha akawauza. Ndivyo walivyosema. Kila mwaka familia za wagomaji hukutana kwa dua, na majina ya wazee wale husomwa moja moja, kwa kichwa, bila karatasi. Jina la Akilimali halikusomwa hata mara moja. Watoto wake walizomewa njiani mpaka mama yao akawahamishia Kinama.

Asiya alikua na hadithi hiyo. Aliila na wali. Wala hakuwa na shaka nayo, na angekuwa nayo vipi? Ilikuwa hadithi ya baba yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mwalimu huyu alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake. Hakuamini hadithi mpaka aipeleke mahali ilipotokea. Ukimwambia watu walikimbia kutoka hapa hadi pale, atakwambia, "Haya, tukimbie tuone." Wanafunzi wake walitoka jasho mji mzima. Profesa Adrien wa Musaga, mwenzake na mpinzani wake wa siku zote, alikuwa akimcheka: "Dada Asiya, historia yako inataka viatu vya michezo."

Profesa Adrien ndiye aliyeandika kitabu kuhusu mgomo ule. Humo alisema Akilimali alihongwa na kampuni. Asiya akamuuliza, wamekaa wanakunywa chai, ushahidi uko wapi. Adrien akajibu kwamba mji mzima unasema, na lisemwalo lipo. Asiya akaweka kikombe chini.

"Twende."

"Wapi tena, dada?"

"Langoni."

Ile karakana siku hizi ni ghala la saruji na mabati. Lakini lango ni lile lile la kupitisha malori, na kwa ndani bado lina komeo lake: boriti nene iliyovikwa chuma, imelala kwenye ndoano mbili, moja huku, nyingine kule mwisho. Mwenye ghala akawaruhusu. Asiya akamwambia profesa, "We ndiye Akilimali. Fungua."

Adrien akavua koti. Akainua upande mmoja, upande wa pili ukakwama kwenye ndoano. Akakimbilia upande wa pili, wa kwanza ukashuka ukakwama. Akashika katikati, mikono haikutosha. Mara ya mwisho boriti ilimponyoka, ikachana shati lake mbele ya wapakiaji wa saruji, nao hawakumhurumia. "Profesa, ungekula ugali asubuhi!" Adrien alikuwa anahema huku akijitetea kwamba Akilimali alikuwa na nguvu kuliko yeye, na kwamba hiyo si hoja.

Asiya hakucheka. Alikuwa ameona jambo. Komeo lile mtu mmoja halifungui, hata awe na nguvu za ng'ombe. Linainuliwa pande zote mbili kwa pamoja. Miaka yote ile watu walisema "Akilimali alifungua," na hakuna aliyeuliza alikuwa na nani.

Adrien alibisha, na tumpe haki yake, alibisha vizuri. Nani kasema komeo la leo ndilo la siku ile? Asiya akakubali kwamba hilo ni swali. Akaenda kulitafutia jibu.

Lilimpeleka Kinama, kwa mzee Salvator. Salvator alikuwa kijana katika mgomo ule, na ndiye pekee aliyebaki hai. Lakini familia za wagomaji hazikumpenda. Aligombana na Mzee Aboubacar kwa ajili ya kiwanja, wasisalimiane hadi kufa kwa Aboubacar. Asiya alimkuta amekaa kibarazani. Akamuuliza kuhusu komeo.

"Ni lile lile," mzee akasema. "Mi mwenyewe nilikuwa nainua kila siku, na mwenzangu. Mutu moja haiwezi."

"Siku ile je, mzee? Akilimali alikuwa na nani?"

"We unataka kujua kweli?"

"Nataka."

"Mi nilikuwa nalala chini ya lori. Nikaona watu mbili. Akilimali huku. Baba yako kule." Akaonyesha kwa mikono yote miwili. "Maji ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na mwenzetu mugonjwa, homa inamumaliza. Baba yako akasema, tufungue, wasitufie humu. Wakainua pamoja."

"Kwa nini baba hakusema?"

"Eh, mama! Mutu anabebwa mabegani, ataanzia wapi kusema? Na mi nikisema, watasema ni chuki ya kiwanja."

Asiya aliniambia baadaye kwamba alitoka pale akatembea mpaka akapotea, yeye aliyezaliwa mji huu huu. Aliona uchungu. Alimkasirikia baba yake, akamlilia, akamtetea, yote njia moja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wasikilizaji wapendwa. Maisha yake yote alikuwa amewachokonoa wazee wa watu wengine. Sasa zamu ilikuwa yake.

Angeweza kunyamaza. Salvator alikuwa na ugomvi na marehemu, nani angemwamini? Lakini Kinama kulikuwa pia na Bi Amira, binti wa Akilimali, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kila mwaka siku ya dua alifunga mlango wake akalala mchana kutwa. Asiya alienda kwake. Akamweleza alichosikia, na akamweleza pia ugomvi wa kiwanja, asimfiche kitu. Bi Amira akamjibu neno moja tu la kukumbukwa: "Mi siombi wamupigie makofi. Wamutaje tu."

Tangu siku hiyo Asiya alikuwa na kazi moja. Jina la Akilimali lisomwe kwenye dua.

Na msomaji wa majina alikuwa nani? Faridi, kaka yake Asiya, mtoto mkubwa wa Mzee Aboubacar, fundi magari kama baba yake. Asiya akamfuata karakanani kwake. Faridi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa tambara.

"We Asiya, unafukua kaburi ya baba?"

"Apana, kaka. Baba hapunguki. Naongeza mutu pembeni yake."

"Kwa maneno ya Salvator! Salvator aliyetaka kiwanja yetu!"

"Kwa maneno ya Salvator na ya komeo. Njoo uinue mwenyewe."

"Wallahi siji. Na jina lile litasomwa siku nikifa mimi."

Hawakuzungumza tena. Kila Ijumaa baada ya swala Asiya alipita kwa kaka yake, akabisha hodi, akasalimu mlangoni, hakujibiwa, akaenda zake. Ijumaa inayofuata akarudi. Wifi yake anasema hakuwahi kuona mtu mkaidi namna ile. Wifi anasema Asiya alikuwa analia njiani, halafu Ijumaa anarudi.

Wengi mnakumbuka siku tulipowaleta yeye na Profesa Adrien hapa studio. Nilikaa katikati yao, na nilijuta! Adrien alimkaba kwelikweli.

"Dada Asiya, shahidi wako ni mmoja, na alikuwa na chuki. Ningeleta mimi shahidi wa namna hiyo dhidi ya baba yako, ungemkubali?"

Asiya akavuta maikrofoni karibu. Kisha akasema, "Ningemkataa. Na ndiyo sababu nimemuhoji tena na tena, kuliko shahidi yeyote wa maisha yangu. Mwenye chuki anaweza kusema kweli. Asiye na chuki anaweza kukosea. Mimi nasema inaonekana walikuwa wawili. Sijasema hakika."

"Bon, sawa. Kama ni inaonekana tu, kwa nini mtu asomwe kwenye dua?"

"Kwa sababu aliondolewa kwa inaonekana hiyo hiyo, Profesa. Kumutoa hamkuomba ushahidi. Kumurudisha ndiyo mnaomba?"

Adrien aliuliza swali jingine: je, kufungua kulikuwa huruma au woga? Asiya akasema hajui, na hilo wabishane hata miaka kumi, yuko tayari.

Hakupata miaka kumi. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na hakutaka kuupumzisha. Alilazwa Jumatatu, akafariki Alhamisi. Faridi alifika hospitali amechelewa. Wifi anasema alisimama mlangoni pa chumba, akasalimu, na kwa mara hii yeye ndiye aliyekosa wa kumjibu. Alimwosha dada yake kwa machozi kabla wanawake hawajamwosha kwa maji.

Wasikilizaji wapendwa, dua ya wagomaji ilikuwa Ijumaa iliyopita. Nilikwenda. Mahali pa dua palijaa. Bi Amira alikuwepo upande wa wanawake, amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu asiyejua atafukuzwa saa ngapi. Profesa Adrien alikuwepo, kofia mkononi. Na Faridi akasimama kusoma majina.

Alisoma, na sisi tukaitika amin. Akafika kwa baba yake. "Aboubacar." Kisha akasema, kwa sauti iliyofika nyuma:

"Na Akilimali, aliyekuwa naye langoni."

Watu wawili watatu waliondoka. Mzee mmoja alinung'unika kwa sauti. Faridi aliwangoja watoke, hakuwazuia, akaendelea na majina yaliyobaki. Baadaye nilimuuliza kama sasa anaamini. Akanijibu kwa ukali, "Nilienda Asiatique. Niliinua peke yangu mpaka mgongo ukalia. Usiniulize tena."

Profesa Adrien naye ameniambia bado ana mashaka na Salvator, na ataandika. "Lakini jina lile, apana, silipingi. Na sentensi ile ya rushwa naitoa katika kitabu. Sina ushahidi wake, sikuwahi kuwa nao." Alisema hivyo akageuka upande, maana macho yalikuwa yamejaa.

Bi Amira hakupiga vigelegele. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, mjukuu wake akamshika. Tulipotoka nilimsogezea kinasa sauti, akanisukuma mkono kwa upole. Alisema tu, "Wamesema Akilimali. Wamesema kama wanavyosema watu wengine."

Kwa Faridi, kwa wifi, kwa watoto na wajukuu wa Mwalimu Asiya, kwa wanafunzi wake waliotoka jasho, na kwako Profesa Adrien uliyebaki bila wa kubishana naye: poleni, poleni sana. Mungu amrehemu Asiya binti Aboubacar, amlaze pema.

Nasi tuliobaki tufikiri kidogo. Katika kila kartie, kila mtaa, katika kila ukoo, kuna jina ambalo likitajwa watu huinamisha macho kwenye sahani, na ukiuliza alifanya nini, hakuna aliyeona, wote walisikia. Leo mkikaa kula, litajeni. Litajeni kwanza, mbele ya watoto. Kubishana tutabishana baadaye.